Karatasi ya Wasia na Shamba la Mirathi



Tuseme mzee mmoja amefariki katika kijiji kilicho juu ya Tengeru, kwenye mteremko wa Mlima Meru. Amezikwa, hitima imesomwa, wageni wametawanyika, na masufuria ya kuazima yamekwisha rudishwa kwa majirani. Jioni, wakiwa wamebaki mjane na watoto peke yao, mtoto mkubwa wa kiume aingia chumbani, atoka na karatasi iliyokunjwa mara nne, asema: "Baba aliniachia mimi shamba lote. Wasia wake huu hapa."

Mama hakupata kuuona wasia huo. Mabinti hawaujui. Ndugu mdogo yuko masomoni, hakuulizwa neno. Majina ya mashahidi ni mawili: wa kwanza amekwisha kufa, na wa pili ni shemeji yake mwenye karatasi. Na kabla mama hajamaliza eda yake ya miezi minne na siku kumi, yasikika kwamba kijana amekwisha fika ofisi ya ardhi, ataka jina la baba lifutwe na lake liandikwe.

Mfano huu tumeutunga sisi, lakini hapana mtu wa Arusha atakayeuona mgeni. Mji umepanuka na kuwa jiji, na mashamba ya Moshono, Kisongo na Usa River, ambayo jana yalikuwa ya mahindi na migomba, leo yapimwa na kuuzwa viwanja. Ardhi iliyokuwa ikimlisha mtu sasa yaweza kumtajirisha kwa siku moja. Penye fedha ya namna hiyo, karatasi hazikosi kuonekana.

Basi neno tulilokusudia kulisema leo ni hili: wasia unaogombaniwa ni dai tu, sawa na madai mengine. Haujawa hati, wala haumpi mtu shamba. Mwenye kuligeuza daftari la ardhi kwa wasia wa namna hiyo, kabla haujathibitishwa, hujiandikia ugomvi katika dunia na hesabu nzito katika akhera.

ARDHI YA MERU NA THAMANI YAKE

Watu wa Meru wana sababu ya kuogopa karatasi iliyoandikwa bila wao kujua. Mwezi wa Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, upande wa kaskazini-mashariki wa mlima, ili mashamba yao yapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaswagwa, nao wakapelekwa King'ori. Mwaka uliofuata, 1952, Kirilo Japhet, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, alikwenda New York kuupeleka mbele ya Umoja wa Mataifa mlalamiko wa watu wake. Ardhi haikurudi wakati ule, lakini kilio chao kilisikika duniani pote.

Waliofanya safari ile walisema jambo moja: kwamba mwenye kukaa, kulima na kuzika wazee wake mahali fulani hawezi kuondolewa kwa maandishi ambayo hakushirikishwa. Je, si jambo la kusikitisha kuona wajukuu wa watu wale wakiwatendea dada zao na mama zao lile ambalo babu zao walililaani kwa mgeni?

Na dhulma ya ndugu ni mbaya kuliko ya mgeni, kwa sababu mgeni huondoka, ndugu hubaki mpakani. Miti ya masale iliyopandwa kuonyesha mwisho wa shamba hugeuka mpaka wa watu wasiosalimiana. Wazee walisema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Lakini katika ugomvi wa mirathi mara nyingi huyo mwenye kapu ni dalali wa viwanja.

SHARIA YASEMAJE JUU YA WASIA?

Kwanza yafaa kukumbuka kwamba kuandika wasia ni jambo jema. Mtume Muhammad (s.a.w.) alifundisha kwamba Muislamu mwenye kitu cha kuusia haimpasi alale siku mbili bila ya wasia wake kuwa umeandikwa. Na katika Sura ya Tano, aya ya 106, twaamrishwa tuweke mashahidi wawili waadilifu wakati wa kuusia. Kwa hiyo si wasia tunaoulaumu. Twalaumu wasia uliofichwa, uliogeuzwa, au uliovuka mipaka.

Mipaka yenyewe ni miwili, na kila Muislamu mkubwa na mdogo yampasa aijue.

Mpaka wa kwanza ni theluthi. Sayyidna Saad bin Abi Waqqas (r.a.) aliugua sana, naye alikuwa na mali nyingi na binti mmoja tu wa kumrithi. Akamwuliza Mtume kama aweza kuusia theluthi mbili za mali yake. Akakatazwa. Akauliza nusu. Akakatazwa. Akauliza theluthi, akaruhusiwa, tena akaambiwa kwamba hata hiyo theluthi ni nyingi, na kwamba kuwaacha warithi na kitu ni bora kuliko kuwaacha maskini wakiomba watu.

Mpaka wa pili ni kwamba hakuna wasia kwa mrithi. Mwenyezi Mungu amekwisha mpa kila mrithi fungu lake katika Sura ya Nne, kwa hiyo baba hana ruhusa ya kumwongezea mmoja na kumpunguzia mwingine kwa njia ya wasia. Akifanya hivyo, wasia wake hautendi kazi mpaka warithi wengine waridhie. Na ridhaa hiyo ni ile inayotolewa baada ya kifo, kwa hiari, na watu wazima wenye akili zao. Mtoto mdogo hana ridhaa, wala hapana amwezaye kuridhia kwa niaba yake ili apoteze haki yake.

Sasa turudi kwenye karatasi yetu ya Tengeru. Hata kama saini ni ya baba kweli, na hata kama mashahidi ni malaika, wasia unaompa mtoto mmoja shamba zima hauwazuii mama, mabinti na mdogo wao mafungu yao, maadamu hawakuridhia.

Tupige hesabu tuone. Marehemu ameacha eka 6: mbili za migomba na kahawa juu mlimani, na nne za mahindi na maharage huko chini tambarare. Ameacha mke mmoja, wana wawili wa kiume na mabinti wawili. Wazazi wake wametangulia. Kwanza hutolewa gharama za maziko, kisha madeni, na katika madeni hayo ni mahari ya mke kama alikuwa hajalipwa. Kisha hutolewa wasia uliosihi, usiozidi theluthi. Tuseme hapana deni wala wasia. Mke hupata thumuni, yaani robo tatu ya eka. Zinabaki eka tano na robo, zigawanywe mafungu sita: kila mwana wa kiume mafungu mawili, ambayo ni eka moja na robo tatu, kila binti fungu moja, ambalo ni thumuni saba za eka. Jumlisha, utapata eka 6 kamili. Katika ugawaji wenyewe hutazamwa thamani, kwani eka ya migomba yenye mfereji si sawa na eka ya tambarare isiyo na maji.

Hapa yafaa tutenganishe jambo ambalo huwachanganya wengi. Baba akimkabidhi mwanawe kipande cha shamba alipooa, akajenga na kulima humo mbele ya watu, baba akiwa mzima, hiyo ni hiba wala si wasia, nayo huwa imekwisha timia kwa kule kukabidhi. Lakini hiba hiyo nayo yataka ushahidi, na Mtume alimkemea Bashir bin Saad (r.a.) aliyetaka kumpa mmoja wa watoto wake kitu asichowapa wengine. Ama kile kinachotolewa mtu akiwa katika maradhi ya mauti, hukumu yake ni ya wasia.

SHERIA YA NCHI NA DAFTARI LA ARDHI

Wako wasemao: "Hayo ni ya msikitini, ofisini watazama karatasi." Maneno haya si kweli. Sheria ya Tanzania haimpi mtu shamba la marehemu kwa sababu ameshika karatasi.

Jambo la kwanza ni kujua sheria ipi itafuatwa, na hapa ndipo familia nyingi za Arusha hukwama. Marehemu alikuwa Muislamu, lakini pia alikuwa Mmeru au Mwarusha, na ukoo unayo mila yake. Mahakama hutazama maisha ya marehemu: alioa ndoa gani, aliishi vipi, aliandika au alitamka nini juu ya mali yake. Aliyeishi Kiislamu mirathi yake hugawanywa Kiislamu. Mahakama za Makadhi zilizokuwapo Bara wakati wa ukoloni ziliondolewa na sheria ya mahakama ya 1963, lakini sheria ya Kiislamu haikuondoka pamoja nazo. Mahakama za kawaida, tangu Mahakama ya Mwanzo, zaitumia katika mirathi ya Waislamu. Sheikh aweza kuwapigia warithi hesabu na kuwasuluhisha, na hiyo ni khidma kubwa. Amri ya kumweka msimamizi wa mirathi ni ya mahakama.

Ikiwa mambo yatakwenda kwa mila, nayo haikuacha mlango wazi. Tangazo la Serikali namba 436 la 1963, lililoziandika sheria za kimila za mirathi na wasia, lataka wasia wa maandishi ushuhudiwe na watu wanaojua kusoma na kuandika: wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, ikiwa mwenye kuusia ajua kusoma, na wanne, ikiwa hajui. Wasia wa mdomo wataka mashahidi wanne.

Jambo la pili ni njia yenyewe. Familia hukaa kikao, huandika muhtasari, huchagua mtu, naye hupeleka maombi mahakamani pamoja na cheti cha kifo. Mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze. Mwenye wasia autoe hapo, usomwe mbele ya wote, mashahidi waulizwe, mwandiko utazamwe. Mahakama ikiridhika humteua msimamizi, na katika Mahakama ya Mwanzo msimamizi huyo hupewa miezi minne kuleta orodha ya mali na hesabu ya namna alivyoigawa, isipokuwa mahakama imwongezee muda.

Jambo la tatu ndilo daftari. Kwa ardhi iliyosajiliwa, Sheria ya Usajili wa Ardhi, ambayo asili yake ni ya 1953, yasema kwamba mwenye ardhi akifa, anayestahili kuandikwa mahali pake ni yule aliyethibitishwa na mahakama kusimamia mali yake, akileta nakala ya uteuzi huo kwa Msajili wa Hati. Wala kuandikwa kwake hakumfanyi mwenye mali. Huandikwa kama msimamizi, mkono wa kupitishia tu, ili awafikishie warithi haki zao. Msimamizi anayejiita mwenye shamba ni kama mchukuzi anayejiita mwenye mzigo.

Kwa mashamba ya vijijini, yaliyo chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, daftari na hati za hakimiliki ya kimila huanzia kijijini. Huko watu wajuana, na kwa sababu wajuana, wapo wadhanio kwamba sahihi ya kiongozi mmoja yatosha. Haitoshi. Nayo mabaraza ya ardhi si mahali pa kuamua kama wasia ni wa kweli. Jambo hilo ni la mahakama inayoshughulikia mirathi.

WASIA UKIWA NA SHAKA

Usidhani kwamba mahakama huogopa kuukataa wasia wa mtu mkubwa. Mwezi wa Mei 2021 Mahakama Kuu, huko Dar es Salaam, iliukataa wasia uliodaiwa kuwa wa tajiri Reginald Mengi, aliyefariki mwaka 2019. Miongoni mwa mambo yaliyoangaliwa ni hali ya afya yake alipouandika, na kuachwa nje kwa baadhi ya watoto wake.

Wala usidhani kwamba mahakama huuvunja wasia kwa sababu tu ukoo umekasirika. Bibi mmoja wa Muleba, Holaria Pastory, aliachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wasia uliokuwa halali. Mwaka 1988, akiwa mzee asiye na wa kumtunza, aliliuza kwa shilingi 300,000. Kesho yake mtoto wa ndugu yake akamshitaki, akidai kwamba mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Kesi ikafika Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu akaamua kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume katika jambo hilo. Basi wasia wa kweli ni ngao ya mnyonge, na wasia wa uongo ni upanga juu yake. Kazi ni kuujua upi ni upi, na kazi hiyo haifanywi na mwenye kufaidika peke yake.

Mjane au binti anayeona shamba lataka kugeuzwa jina, asikae kimya kwa haya. Apeleke pingamizi lake mahakamani mapema, wakati wa tangazo. Ikiwa ardhi imesajiliwa, aweza pia kuweka zuio kwa Msajili, ili uhamisho usiandikwe mpaka shauri litazamwe. Asiyeridhika na hukumu ya Mahakama ya Mwanzo anazo siku 30 za kukata rufani Mahakama ya Wilaya.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mahakama yaweza kuamuru daftari lisahihishwe likiwa liliandikwa kwa hila au kwa makosa. Lakini shamba likiwa limekwisha uzwa kwa mtu asiyejua lolote, akalipa fedha na kuingia humo, kulirudisha ni kazi ngumu kweli kweli. Na madai ya ardhi nayo yana mwisho, ambao kwa kawaida ni miaka 12.

Na mwenye kughushi wasia ajue kwamba hachezi na ndugu zake tu. Kanuni ya Adhabu ya nchi hii yaweka kwa kosa hilo adhabu ifikayo kifungo cha maisha.

NASAHA KWA JAMAA

Enyi wazee, andikeni wasia mkiwa wazima, na msiufiche. Taja madeni yako na amana za watu. Ikiwa una mjukuu ambaye baba yake alitangulia, na baba zake wadogo watamzuia urithi, mwusie kitu katika theluthi yako. Hapo ndipo wasia unapofanya kazi yake nzuri. Weka mashahidi wasio na faida ndani yake, na nakala iwe kwa mtu mwaminifu. Mke wako na ajue ilipo hati ya shamba.

Enyi vijana wa kiume, msidanganywe na neno kwamba binti ataolewa na kuipeleka ardhi ya ukoo kwa watu wengine. Baada ya vita vya Uhud mjane wa Saad bin Rabii (r.a.) alikuja kwa Mtume na mabinti zake wawili, akalalamika kwamba ami yao amechukua mali yote. Aya za mirathi zikateremka, na Mtume akamwamuru ami awape mabinti theluthi mbili, mama yao thumuni, na kilichobaki ndicho kiwe chake. Ami yule naye alikuwa na hoja za ukoo. Hazikusikilizwa.

Na ninyi mashahidi, mnaoombwa kutia saini karatasi iliyoandikwa wiki hii ikapewa tarehe ya miaka mitatu iliyopita, kumbukeni onyo la Sura ya Pili, aya ya 181: dhambi ya wasia uliogeuzwa iko juu ya wale waliougeuza. Chakula cha siku moja hakifai kununuliwa kwa bei hiyo.

Twamaliza kwa kisa aliichokisimulia Mama wa Waumini, Ummu Salama (r.a.). Watu wawili walikuja kwa Mtume (s.a.w.) wakigombania mirathi ya zamani, wala hapakuwa na ushahidi ila maneno yao. Mtume akawaambia kwamba yeye ni mwanadamu, huhukumu kwa anayoyasikia, na huenda mmoja ni hodari wa kusema kuliko mwenzake. Basi atakayehukumiwa apewe haki ya ndugu yake asiichukue, kwa kuwa ni kipande cha moto anachokatiwa. Watu wale wakalia, kila mmoja akamwambia mwenzake: haki yangu nakuachia wewe. Mtume akawaambia wagawane, waitafute haki, wapige kura, kisha kila mmoja amhalalishie mwenzake.

Tazameni, ndugu zangu. Hukumu ya Mtume mwenyewe haikuweza kumhalalishia mtu haki ya ndugu yake. Itakuwaje basi muhuri wa ofisi? Jina lako laweza kuandikwa katika daftari la ardhi kwa wino mzuri, na shamba likabaki la yatima mbele ya Mungu.

Mwenye karatasi ndani ya sanduku na aitoe leo, isomwe mbele ya mama, mbele ya dada zake na mbele ya wadogo zake, kisha ipelekwe panapostahili kuamuliwa. Ikiwa ni ya kweli, haitaharibika kwa kusomwa.

Mwenyezi Mungu atulinde na mali ya dhulma, awapatanishe walionuniana kwa ajili ya mashamba, na awarehemu wazee wetu waliotangulia. Amin.